Kiko na Mkosoaji Wake

Katika shule nyingi ni desturi kufanya maonyesho ya kazi za mikono mwisho wa mwaka. Vyungu, mikeka, vikapu na miiko hupangwa juu ya meza, na mwamuzi hupita akiandika neno moja kando ya kila kitu: "Nzuri", au "Nzuri sana", au "Haifai". Mwanafunzi husoma neno lile, akafurahi au akahuzunika, kisha akaenda zake. Mwaka wa pili hutengeneza kitu kile kile chenye kasoro ile ile, maana hakuna aliyemwonyesha kasoro i wapi. Basi katika makala haya twataka kuchunguza jinsi ipasavyo kuikosoa kazi ya fundi, na jinsi impasavyo fundi kukosolewa.

Tumechagua kiko cha tumbaku kuwa mfano wetu. Kiko ni kitu kidogo. Sehemu zake ni chache, na kila sehemu ina kazi yake. Tena uzuri wake na ubovu wake hujaribiwa papo hapo kwa kinywa na kwa sikio. Wako wasomaji watakaoshangaa kuona jambo la tumbaku katika kurasa hizi, nao wana haki. Madhara ya tumbaku yamekwisha kuthibitishwa na waganga, wala hatumwaliki mtu yeyote kuvuta. Walakini mtu aweza kuchunguza ufundi wa mhunzi wa mapanga asipende vita.

Yafaa kuanza na majina, maana asiyejua jina la kitu hukikosoa kwa shida. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alieleza sehemu za kiko katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870. Bori ni bakuli ya udongo itiwayo tumbaku. Digali ni mrija utokao katika bori ukashuka mpaka ndani ya chombo kidogo cha maji. Chombo hicho, ambacho mara nyingi kilikuwa kibuyu au kifuu cha nazi, ndicho hasa kiitwacho kiko. Shilamu ni mrija wa pili, utokao katika chombo ukafika kinywani mwa mvutaji. Na ile sauti ya maji yabubujikayo moshi upitapo huitwa malio ya kiko. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, yatoa maelezo ya namna iyo hiyo. Hivyo neno "kiko", ambalo leo ni jina la kila chombo cha kuvutia tumbaku, hata kile cha mti kisicho na maji, asili yake ni jina la sehemu moja tu.

Katika majina haya limo fundisho la kwanza kwa mkosoaji. Kiko cha namna hiyo hakikuwa kazi ya mkono mmoja. Bori ilifinyangwa na mfinyanzi. Kibuyu kilitoka shambani. Mirija ilikatwa na kutobolewa na mwingine, au na mvutaji mwenyewe. Basi kiko kisipovutika, kumlaumu mfinyanzi mara moja ni haraka isiyo na haki. Huenda bori ni njema, lakini digali haikufika majini. Moshi hupita juu ya maji, wala hakuna malio. Huenda shilamu imeshuka mno hata ncha yake imezama, na mvutaji apata maji kinywani badala ya moshi. Huenda mahali pa kuungia digali na kibuyu pana ufa. Pumzi hupita katika ufa ule, na moto ulio katika bori huzimika kwa kukosa mvuto. Ubovu waonekana katika bori, na sababu yake iko mbali na bori. Asemaye "kiko hiki kibaya" hajasema neno bado. Asemaye "hapa palipoungwa panavuja" amesema jambo ambalo fundi aweza kulishika kwa mkono.

Na malio yenyewe ni mkosoaji wa kwanza, asiye na upendeleo wala kijicho. Kiko kilichoundwa vema hulia sawasawa. Kilicho na hitilafu hunyamaza, au hulia kwa kukatakata. Fundi mwenye busara hakukingoja kinywa cha watu kimhukumu. Alikijaribu kiko chake kwanza, akakisikiliza. Katika kazi nyingi za mikono iko sauti ya namna hiyo. Chungu hupigwa kwa kidole kikalia, na mlio wake ukifa ghafula, hujulikana kuwa kina ufa. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi wake kuisikiliza kazi kabla ya kuileta mezani, amewapa mkosoaji ambaye hatawaacha maisha yao yote.

Sasa tutazame maneno ya Kiswahili yahusuyo jambo hili, maana lugha yenyewe imekwisha kupambanua mambo ambayo sisi twayachanganya. Kulaumu ni kumtia mtu hatiani. Kusuta ni kumwambia mtu aibu yake usoni pake, mara nyingi mbele ya mashahidi. Kuumbua ni kumfunulia aibu hata hadhi yake ikaondoka. Maneno hayo matatu yamhusu mtu. Lakini kukosoa kwahusu kosa. Latokana na neno lile lile "kosa", likaongezewa mwisho ule uliomo katika "chomoa" na "ng'oa", ambao mara nyingi waonyesha kutoa au kutangua. Kwa hiyo kukosoa, kwa asili ya neno, ni kuliondoa kosa. Aonyeshaye kosa bila kuonyesha njia ya kuliondoa huenda amelaumu, huenda amesuta, hajakosoa.

Vivyo hivyo katika majina ya makosa. Kasoro ni upungufu, kama tusemavyo saa tatu kasoro dakika kumi. Atajaye kasoro lazima awe na kipimo: kitu kimepungua kwa kulinganishwa na nini? Ila na dosari ni doa liharibulo kitu ambacho kingekuwa kizima. Kombo ni kwenda upande, kutonyoka. Na watu wasemapo kwamba jambo fulani "lina walakini", wamelichukua neno lile la kuunganisha maneno wakalifanya jina la kasoro, maana wajua kwamba sifa nyingi hutangulia ili "walakini" ifuate nyuma. Mkosoaji akiweza kusema mbele ya kiko, "Hapa pana kombo, tundu halikunyoka, hapa pana kasoro, ukuta ni mwembamba kuliko wa upande wa pili, hapa pana dosari, udongo ulikuwa na kijiwe", amesema maneno matatu yasiyofanana, na kila moja lina dawa yake.

Wakati wa kukosoa nao una sheria yake, na sheria hiyo hutoka katika kitu chenyewe. Wazee walisema, Udongo uwahi ungali maji. Methali hii twaitumia sana katika malezi ya watoto, hata tumesahau kwamba kwa mfinyanzi si mfano bali ni habari ya kazi ya kila siku. Bori ikiwa bado mbichi, ukuta mnene hupunguzwa kwa kidole, na tundu la digali lililokwenda kombo huzibwa likatobolewa tena. Ikiisha kukauka, kilichobaki ni kukwangua kidogo kwa hofu. Ikiisha kuchomwa, hakuna neno la mkosoaji liwezalo kuirudisha. Ukuta uliokuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili waweza kupasuka motoni, na moto umetoa hukumu kabla ya mtu. Nabii Yeremia, katika sura ya 18 ya kitabu chake, alitumwa nyumbani kwa mfinyanzi, akaona chombo kikiharibika mkononi mwake na kufinyangwa upya kuwa chombo kingine. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu udongo ulikuwa ungali mbichi. Maonyesho yetu ya mwisho wa mwaka hukosoa vitu vilivyokwisha kuchomwa. Twamwambia mwanafunzi habari za kosa wakati ambapo hawezi kulitengeneza, nasi twastaajabu kwamba hajifunzi.

Hata jiwe lafundisha vivyo hivyo. Liko jiwe jeupe, jepesi, ambalo Wajerumani waliliita kwa jina lenye maana ya povu la bahari, litumikalo kuchongea viko. Lile la Eskişehir katika nchi ya Uturuki huchongwa likiwa na maji ndani yake, kwa kuwa wakati huo ni laini. Kisha hukaushwa, likasuguliwa na kutiwa nta. Jiwe la jinsi hiyo limepatikana pia karibu na Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na viko vyake vilitengenezwa Arusha, vikauzwa ng'ambo kwa jina lile lile la Kiswahili, "Kiko", vikiwa na alama ya tembo. Vingi vilivikwa ngozi kwa nje. Hapo mkosoaji hana budi kuuliza swali moja: ngozi hii imewekwa ili kupamba, au ili kuficha? Pambo si kosa. Lakini pambo lizuialo jicho lisione ukuta wa kiko limemnyima mnunuzi haki ya kuhukumu.

Twafika sasa penye jambo gumu zaidi, nalo ni kupambanua kosa la mkono na kosa la kitu chenyewe. Wavutaji wa Ulaya hupenda viko vya mti, navyo huchongwa katika kivimbe kilicho kati ya shina na mizizi ya mti mdogo ambao wataalamu wauita Erica arborea. Mti huo huota kandokando ya bahari ya Mediteranea, na huota pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, ulipata sifa kwa kazi hiyo tangu katikati ya karne ya 19. Kivimbe huchemshwa, kikakaushwa muda mrefu, ndipo kichongwe. Lakini ndani yake mna vishimo na chembe za mchanga ambazo mti ulizimeza ulipokuwa ukikua, na fundi hazioni mpaka kisu kizifikie. Aweza kuchonga siku nzima bila kosa hata moja, na jioni kishimo kikajitokeza usoni pa kiko. Amlaumuye kwa kishimo hicho amemdhulumu. Lakini fundi akikijaza kishimo kwa dawa ya rangi ya mti, akauza kiko kana kwamba ni kizima, hapo kosa limekuwa lake, nalo si la mkono tena bali la ulimi.

Iko njia ya tatu, iliyo bora kuliko zote mbili. Alfred Dunhill wa London, tangu mwaka 1917, alitengeneza viko vilivyopigwa mchanga kwa nguvu ya upepo, hata sehemu laini za mti zikaliwa na mistari migumu ikasimama kama mgongo wa kobe. Uso wa namna hiyo hautaki mti usio na doa. Umbile la mti, ambalo uso laini hulihesabu kuwa udhaifu, limegeuzwa kuwa uzuri, na mnunuzi aona kwa macho yake kilichofanyika. Mkosoaji mwema huitafuta njia ya namna hiyo pamoja na fundi. Hamwulizi tu, "Mbona kuna ila?" Humwuliza, "Kwa kuwa kitu hiki ndivyo kilivyo, chafaa kuwa nini?"

Ni nani aliye na haki ya kukosoa? Mafundi hupenda kujikinga kwa methali isemayo, Mchagua jembe si mkulima. Yaani mwenye kutafuta kasoro za chombo ni yule asiyetaka kazi. Methali hii ni ya kweli kwa mvivu, lakini haifai kuwa ngao ya fundi mzembe. Mkulima wa kweli ajua jembe lipi lamwumiza kiganja, ingawa hawezi kulifua mwenyewe. Methali nyingine yasema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukizitazama methali hizi mbili pamoja, zaweka mpaka ulio wazi: atumiaye chombo aweza kukikosoa hata kama hajui kukitengeneza, na asiyekitumia hana budi kupunguza maneno yake hata kama ana elimu nyingi. Mwamuzi aliyekishika kiko kwa vidole viwili, akakitazama na kukirudisha mezani, ameona umbo, hajakijua kiko. Apitishe kijiti chembamba kutoka shilamu mpaka bori, aone kama chapita. Atazame kama tundu la moshi latokea chini kabisa ya bakuli, maana likitokea juu, tumbaku ya chini hubaki mbichi na yenye unyevu. Apime unene wa ukuta kwa vidole pande zote. Mambo haya matatu hayahitaji kuvuta hata mara moja, nayo yatosha kumpa neno la kusema.

Yuko pia mkosoaji wa namna nyingine, naye ni mtengenezaji wa vitu vilivyovunjika. Sixten Ivarsson, aliyezaliwa Sweden mwaka 1910 na kufa mwaka 2001, alianza kazi katika karakana ya Copenhagen akitengeneza viko vya watu vilivyoharibika, kabla ya kuwa mchongaji ambaye wachongaji wengi wa Denmark walifuata njia yake. Kila kiko kilicholetwa mbele yake kilikuwa ushahidi wa kosa la mtu fulani: hapa mrija umevunjika, hapa ukuta umeungua. Huyu alikosoa kwa maana kamili ya neno, maana aliliondoa kosa kwa mikono yake. Tungependa kila mwanafunzi wa ufundi apewe kwanza vitu vibovu avitengeneze, kabla hajaambiwa kuunda kipya.

Yatupasa kusema pia habari za yule akosolewaye, maana kazi yake ni ngumu kuliko ya mkosoaji. Kazi ya mikono imetoka mwilini mwa mtu. Akiisikia yatajwa vibaya, hudhani ametajwa yeye. Fundi mkomavu hujizoeza kutenga mambo hayo mawili. Haharakishi kujibu. Huuliza kwanza, "Ni wapi?" na akiisha kuonyeshwa, hupajaribu mwenyewe. Kisha hupima: je, neno hili lahusu matumizi au lahusu mapenzi? Mmoja apenda bori pana, mwingine nyembamba. Fundi akimfuata kila msemaji, mwisho hana bori. Lakini wote wakisema kwamba moshi haupiti, hilo si shauri la mapenzi, nalo halina jibu ila kutoboa upya. Na akishindwa leo, asiache kazi. Wazee walisema, Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Namna ya kusema yategemea mahali pia. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 18, aliagiza kwamba ndugu aliyekosa aendewe kwanza faraghani. Ikiwa hivyo kwa dhambi, je, si zaidi kwa tundu la kiko? Tuchukue mfano. Mwamuzi aliinua bori ya mwanafunzi mbele ya wazazi na wenzake, akauliza, "Hii nayo ni kazi?" Watu watacheka, na mtoto hatagusa udongo tena. Sasa tumweke mahali pake mwanamke mzee mfinyanzi, ameketi na mjukuu wake kivulini, na bori ingali mbichi. Mzee aingiza kijiti katika tundu.

"Mjukuu wangu, kijiti kimekwama wapi?"

"Hapa shingoni, Bibi."

"Kimekwama kwa nini?"

"Nilitoboa kwa upande mmoja tu, nikakisia."

"Basi kesho utafanyaje?"

"Nitatoboa huku na huku, Bibi, zikutane katikati."

Mzee hakusema kwamba bori ni mbaya. Aliuliza maswali matatu, na mtoto mwenyewe ndiye aliyetaja kosa, na sababu yake, na dawa yake. Mwalimu aliyesoma ualimu miaka mingi hana njia bora kuliko hiyo.

Twaeleza mambo haya kwa urefu kwa sababu jambo lililo hatarini si viko tu. Kitu hufuata macho ya anayekihukumu. Zamani bori na kibuyu vilihukumiwa na wavutaji, wake kwa waume. Wanawake wa Kitonga wa bonde la Zambezi walijulikana sana kwa viko vyao vya vibuyu, nao waliujua mlio wa kila kimoja. Leo viko vya namna hiyo hununuliwa na wageni, nao hutaka kitu cha kutundika ukutani. Kiko cha ukutani hakihitaji kulia. Mgeni husema "kizuri", hulipa, huondoka. Na fundi, kwa kuwa ni mtu mwenye kula kwa kazi yake, hutia nguvu katika pambo, akaacha kuhangaika na tundu. Hatumlaumu. Amewasikiliza wakosoaji wake kwa uaminifu, nao hawakumwuliza juu ya pumzi.

Na maneno hupotea kwa njia iyo hiyo. Ni vijana wangapi wa pwani leo wayajuao maneno digali, shilamu na malio? Kama kuvuta kungekoma tu, tusingelia, huenda tungeshukuru. Lakini fundi wa chombo chochote akipotewa na majina ya sehemu, hubaki na maneno mawili tu, "nzuri" na "mbaya", yale yale aandikayo mwamuzi wa maonyesho. Yaliyopata kiko yaweza kupata kinu, mtumbwi, ngoma na mkeka. Kamusi zetu zimeweka majina ya sehemu nyingi za vyombo hivyo, na twawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini ni mara chache kamusi kutwambia fundi aiitaje kasoro ya kila sehemu, wala amwambiaje mwanafunzi wake anapoiona. Maneno hayo hayasemwi kwa mgeni aulizaye maswali. Husemwa kazini, udongo ukiwa mkononi.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu walimu na makasisi mambo mawili. La kwanza, maonyesho ya kazi za mikono yawe na siku mbili: siku ya kutazamwa kazi ikiwa bado haijakwisha, faraghani, fundi mkubwa na mwanafunzi wakikaa pamoja, na siku ya watu wote, ambayo iwe ya furaha tu. La pili, kila aliye karibu na mfinyanzi, mchongaji au msukaji aende akaketi naye kazini, aandike maneno atumiayo anapokataa kazi na anapoikubali, pamoja na jina la mahali na la lugha. Orodha za namna hiyo, hata zikiwa za maneno kumi tu, tutazipokea kwa shukrani na kuzichapa.